Daftari la Jumanne

Daftari la kwanza lina jalada jekundu,
pembe zimeliwa na unyevu,
na juu ya ukurasa wa kwanza duara la kikombe cha chai
limekauka, la kahawia, kama mhuri wa serikali.
Mwandiko ni wa Emlyn. Mistari yake imeinama
kama watu wanaopanda mlima.

"Tumekwenda saba. Na mbwa."

Basi. Hakuongeza neno.
Mgodi wa Cwm Helyg ulikuwa umefungwa tangu mwezi wa tatu,
na Jumanne ndiyo ilikuwa zamu yao
ya kutia sahihi katika ofisi ya wasio na kazi.
Saa nne asubuhi walikuwa wamekwisha maliza.
Mtu mzima, buti miguuni, saa nne asubuhi,
nyumbani mke anapiga deki: uende wapi?
Wakapanda.

Wanaume waliozoea kushuka
wakajifunza kwenda juu.
Vumbi la makaa lilipiga filimbi vifuani mwao,
na kila lango la kondoo likawa kisingizio
cha kusimama, kushika kiuno, kusifia mandhari.
Mwaka ule mandhari ilisifiwa sana.

Ukurasa wa kumi na mbili: "Eirwen amekuja. Hakuna aliyesema kitu."
Ukurasa wa kumi na tatu: "Wanawake tisa."
Ukurasa wa kumi na nne: "Leo kulikuwa na keki."

Kisha Prosser akatia kufuli.
Shamba ni langu, alisema, njia hapa haijawahi kuwapo.
Njia ya mwongo ni fupi: ya Prosser iliishia langoni.
Bibi Beddoe, miaka tisini na moja,
alibebwa na kiti chake hadi mbele ya baraza la wilaya
akawatajia kila jiwe alilojikwaa
akienda shule na viatu vya dada yake.
Baraza likasema litafikiri.
Likafikiri miaka miwili.
Na kila Jumanne, mvua isimvua,
walipanda hadi kwenye kufuli, wakaligusa
mmoja baada ya mwingine, wakageuka.
Liling'aa kwa vidole vyao, lile kufuli,
kuliko kitu chochote kanisani.

Halafu ukaja ugonjwa wa mifugo,
na milima yote ikafungwa.
Daftari la tatu: "Tumezunguka uwanja wa kanisa mara arobaini na moja.
Moshi kwa Prosser tangu asubuhi."
Walikuwa wanachoma kondoo wake.
Eirwen alimwandikia kadi, wote wakatia sahihi,
hata Emlyn, ambaye alishika kalamu muda mrefu.
Jibu halikuja.
Masika yalipofika, lango lilikuwa wazi,
kufuli limetundikwa kwenye msumari, bila ufunguo.
Lipo hadi leo.

Mimi niliingia wakati wa daftari la nne,
mgeni, kutoka bonde la pili, maili sita.
Ilichukua miaka kumi wakaacha kunieleza njia.
Nilikuwapo tulipommwaga Emlyn kileleni:
upepo ukamrudisha wote juu yetu,
na Eirwen, akijikung'uta koti, akasema,
"Huyu hata sasa hataki kubaki nyuma."
Tulicheka hadi tukaketi kwenye majani.
Sikuliandika hilo. Naliandika sasa.

Jana: "Tumekwenda wanne. Na mbwa."
Si mbwa yule, bila shaka.
Wa nne ni Osian, miaka kumi na sita.
Daktari alimwambia mama yake kitu;
yeye hajasema, sisi hatujauliza.
Hutangulia mbali, lakini kwenye kila lango
hugeuka, hutuhesabu kwa kidole.
Kwa Prosser goti langu liligoma.
Akarudi, akaegemea nguzo kando yangu,
akaligusa kufuli bila kujua kwa nini,
akatazama bondeni.
"Pazuri hapa," akasema.

Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu.